Zile Ndizi Zilikuwa Dawa, Tata

Tata, baba yangu mpendwa,

Wameandika jina lako kwenye beseni. Nimeona nikwambie mimi mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine, maana kila anayetutoka kwetu Nshamba nadhani anafika huko uliko na mzigo wa habari. Ni lile beseni la kijani la wodi ya wanaume, lililobanduka rangi ukingoni. Juzi fundi alikuja na kopo la rangi nyekundu akaandika kwa herufi kubwa: BESENI LA BALOZI. Sista Yustina, mkuu wetu wa wodi, aliniita nikaone. Alikuwa anatabasamu, akidhani nitalia kwa furaha. Nilimwambia nina kazi, nikaenda kutandika vitanda ambavyo vilikuwa vimeshatandikwa.

Nimekasirika, Tata. Nilikasirika siku ya mazishi yako, nimekasirika mwaka mzima, na sasa ndiyo nimezidi. Naandika barua hii waziwazi, aisome atakayeisoma, kwa sababu kila ninapopita naambiwa nilikuwa na baba wa ajabu, mjamaa wa kweli, aliyegawa chakula chake mpaka pumzi ya mwisho. Watu wananishika mkono sokoni kunipongeza. Sijawahi kupewa nafasi ya kujibu. Leo najibu, na nakujibu wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyeanza.

Ulianza zamani. Nakumbuka nilipokuwa mdogo, ule mwaka wa uhuru, shangazi alikuja kututembelea kutoka mjini na kichane cha ndizi za kisukari, zimeiva mpaka maganda yamepata madoa. Nilizizunguka asubuhi nzima. Wewe ukatoka shambani, ukanawa mikono, ukaita watoto wote wa majirani, hata wale walionipiga juzi yake, ukachukua kisu ukakata vipande vidogo vya kumezwa kabla mtu hajafunga mdomo. Nikalia. Ukaniinua, ukanipangusa kamasi kwa kiganja chako kilichonuka udongo na maganda ya kahawa, ukaniambia, "Usile peke yako, Koku. Mimi sikuzaa mtu wa kula peke yake."

Maneno hayo nimeyasikia maisha yangu yote. Uliyarudia gatini siku nilipokuwa napanda meli kwenda Mwanza kusomea uuguzi. Ulikuwa umebeba gunia langu kichwani tangu tuliposhuka kwenye lori, umekataa nikusaidie, na ndani yake mama yangu Mae alikuwa ametia ndizi za kupika na za kuiva, kana kwamba Mwanza hakuna watu wanaokula. Niliwagawia wasichana wenzangu sitahani, watu wa mikoa mingine ambao hawakujua hata wazimenyeje. Tulicheka, tukawa marafiki, na mpaka leo wananiandikia. Kwa hiyo usiniambie sijui utamu wa kugawana. Nimeujua kwako.

Na nilijivunia wewe, Tata. Siasa ya ujamaa ilipofika kijijini kwetu, wengine waliitikia mkutanoni kisha siku ya kazi wakaumwa migongo. Wewe, balozi wa nyumba kumi, ulikuwa wa kwanza kufika shamba la kijiji na jembe begani, ukiimba kwa sauti yako mbaya. Mae alinung'unika, "Kibanja chako kinaota magugu, waitu, na wewe unalima cha wote." Ulimcheka tu. Niliporudi likizo nilikukuta ukipanga watu kazi. Yule mama mwenye mtoto mchanga ulimweka kivulini achambue mbegu. Mzee mwenye mgongo uliopinda ulimwambia alete maji ya kunywa, asiguse jembe. Vijana wenye nguvu uliwapeleka kwenye visiki, na mmoja alipolalamika kwamba si haki, ulimjibu, "Haki ni kila mtu abebe kwa mwili wake." Naomba uyakumbuke maneno hayo, kwa sababu nitayarudia.

Kisha ukaanza kuvimba. Miguu kwanza, halafu tumbo, mpaka ukawa unalala umekaa, umeegemea mto kama mtu anayengoja mgeni. Mae akakuleta Bukoba juu ya lori la kahawa, ukaingizwa kwenye wodi niliyokuwa nafanya kazi, kitanda cha mwisho karibu na dirisha. Daktari wetu, kijana mpole kutoka Iringa, alisema moyo wako umechoka na maji yanajaa mwilini. Akakuandikia sindano za kukojoa na vidonge vya kuutuliza moyo. Maji yakatoka. Nilikuwa napima kwenye jagi kila mara, na wewe, kwa aibu ya kubebewa mkojo na binti yako, ukawa unatania, "Andika, nesi, Balozi amelipa kodi ya asubuhi." Wodi nzima ilikuwa inangoja kusikia kodi ya Balozi.

Lakini sindano hizo, Tata, zikitoa maji hazichagui. Zinatoka na madini yanayoitwa potasiamu, ambayo misuli na moyo haviwezi kufanya kazi bila hayo. Nilikueleza, ukaitikia kwa kichwa kwa heshima, kama ulivyokuwa ukimwitikia bwana shamba. Hospitali yetu haikuwa na mashine ya kuyapima, lakini daktari aliyasoma mwilini mwako. Mashavu ya miguu yalikukaza ukapiga kelele. Tumbo likajaa gesi na choo kikakataa. Magoti yakawa yanakuangusha bila taarifa, ndiyo maana nilikushika kiunoni kila ulipokwenda msalani, na wewe ukachukia kushikwa. Na mapigo ya moyo yalikuwa yanaruka. Kila mara kabla ya kukupa kidonge cha moyo nilikushika mkono nikahesabu kwa dakika nzima, bila kuharakisha, na yakiwa yanasuasua nilikizuia kidonge nikamwita daktari. Ulidhani nakushika mkono kwa mapenzi tu.

Mwanzoni tulikuwa na dawa ya maji ya kuyarudisha madini hayo. Nilikupa baada ya chakula, nimeichanganya na maji mengi ya machungwa, kwa sababu ikienda peke yake inaunguza tumbo. Ulikunja uso, ukanywa. Halafu ikaisha. Bohari wakasema haijaletwa kutoka Dar es Salaam. Daktari akaja, akakaa ukingoni mwa kitanda chako na kukuambia, "Balozi, dawa ya chupa imekwisha, lakini iko kwenye ndizi mbivu, iko kwenye machungwa, na iko kwenye maharage ukinywa na mchuzi wake. Kula kila siku, kula vya kutosha, usitie chumvi."

Ulicheka mpaka ukakohoa. "Daktari, kama ndizi ni dawa, basi sisi Wahaya tumelazwa tangu tuzaliwe!"

Na mimi nilicheka. Nilishusha pumzi, Tata. Nilijiambia tumeponea chupuchupu. Ungekuwa umelazwa mahali pengine ningehangaika, lakini nani atakufa kwa kukosa ndizi huku kwetu? Jiko la hospitali lilikuwa likipika ugali, na siku wakipika ebitoke, ndizi zetu za kupika, walizichemsha wakamwaga maji yake yote, wakamwaga na uzima uliokuwamo. Kwa hiyo nikawa napika mwenyewe chumbani kwangu Kibeta, ndizi na maharage kwenye chungu kimoja, mchuzi wake ukabaki mumo humo. Mae akawa anatuma mikungu kwa lori. Nilikuwa nashuka mlima asubuhi na kikapu kichwani, nimejaa matumaini.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba wewe ulikuwa umeshamwona Ferdinand.

Alikuwa kitanda cha pili kutoka chako, mvuvi wa Bumbire, amevunjika mguu wakati wakivuta mtumbwi nchi kavu. Watu wake walikuwa kisiwani, hakuna aliyemletea chochote. Alikula ugali wa hospitali, kisha akalala akiangalia vikapu vya wenzake. Wewe hukuweza kulivumilia hilo. Ulimwita Sista Yustina ukamwambia, nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu, "Mkuu, mbona tusifanye hapa kama kijijini? Chakula chote kinacholetwa na ndugu kiingie chombo kimoja, tugawane sawasawa." Sista alikuwa ametoka kwenye mkutano walikoambiwa waonyeshe ujamaa mahali pa kazi, na alikuwa hajui aonyeshe nini. Alilipokea wazo lako kwa mikono miwili. Mchana huohuo beseni la kijani likatoka chumba cha kufulia, likasuguliwa, likawekwa mezani katikati ya wodi.

Kikapu changu kikaingia humo. Machungwa, ndizi mbivu, ebitoke na maharage, vyote. Wewe ukapata kipande chako kama wengine, na hicho kipande nacho ukamsukumia Ferdinand.

Nilikwenda kwa Sista Yustina. "Sista, vitu vya kitanda cha mwisho ni dawa. Daktari ameagiza."

"Ameagiza chakula," akasema. "Dawa iko kabatini, na funguo ninazo mimi."

"Basi na kwinini ya yule mgonjwa wa malaria tuitie kwenye beseni, kila mtu alambe kidogo."

"Chunga ulimi wako, nesi. Baba yako mwenyewe ndiye aliyeomba."

Hapo ndipo uliponifunga mdomo, Tata, wewe na si yeye. Nikaomba basi nipewe pazia la magurudumu, lile la kitambaa cheupe, nikuwekee kitandani wakati wa kula ili usiyaone macho ya watu. Sista alinitazama kama niliyetukana. "Pazia ni la kuogeshea wagonjwa na la maiti," alisema. "Sijawahi kusikia mtu akiwekewa pazia ili ale." Tuligawanyiwa ndizi, lakini kitambaa kikawa na sheria.

Daktari alikugombeza. Alikuja akasimama mbele yako, akakueleza tena kwa upole, kisha kwa ukali, ukaitikia "Ndiyo, daktari" kila mara, na alipogeuza mgongo ukampa Ferdinand chungwa. Nilipokusihi uliniuliza, "Nitamenyaje ndizi mbele ya mtu mwenye njaa, Koku? Hata kama ni dawa. Dawa gani inayoota nyuma ya nyumba yangu?" Na hapo ndipo lilipokuwa kosa lako, kosa letu sote tunaozaliwa chini ya migomba. Kitu tunachokikanyaga kila asubuhi hatuwezi kukiogopa wala kukiheshimu. Dawa kwetu lazima iwe chungu, itoke mbali, na iwe ndani ya chupa.

Daktari alisema jambo hilo hilo kwa hasira tukiwa kwenye korido. "Ndizi hizi ningezitia kwenye chupa, wangeziheshimu." Alikuwa analalamika tu. Mimi nikaenda nyumbani nikazitia kwenye chupa.

Nilizichagua zilizoiva sana, nikaziponda, nikakamulia machungwa, nikachuja kwa kitambaa safi, nikajaza chupa ya kahawia ya dawa na kuifunga kizibo. Nikamwonyesha daktari, akaniangalia, akaandika kwenye karatasi yako kama dawa nyingine yoyote. Nikakuletea kwa kikombe cha kupimia. Ulifumba macho, ukabana pua, ukaimeza yote mara moja. Kisha ukasema huku umekunja uso, "Mungu wangu! Hii kali kuliko ile ya kwanza." Nilitoka nje nikacheka mpaka nikashika ukuta. Nakumbuka kicheko hicho, Tata. Ndicho cha mwisho nilichocheka nikiwa na baba.

Na ikafanya kazi! Nataka wote wanaosoma waelewe hili. Mashavu ya miguu yaliacha kukukaza. Tumbo likalainika. Mapigo yakanyooka chini ya vidole vyangu, moja, jingine, jingine, hayaruki. Siku moja uliinuka bila kunisubiri, ukatembea mpaka dirishani kwa miguu yako, ukatazama ziwa, ukamwambia Ferdinand, "Kisiwa chenu sikioni. Pengine kimezama kwa kukungoja." Daktari alisema ukiendelea hivyo utarudi Nshamba kabla ya kuchuma kahawa.

Mae alikuja kukuona. Masikini Mae, hakujua. Alikaa kitandani, akakupangia shuka, akaichukua chupa mezani, akaifungua na kuinusa kama anavyonusa kila kitu. "Mbona inanuka ndizi?" akauliza.

Wewe nawe ukainusa, alinisimulia Mae baadaye. Nilipoingia ulikuwa umeketi wima, na ile sura yako ya mkutanoni. Nilipiga magoti kukusalimia, hukuitikia.

"Koku, umenilisha ndizi kwa siri."

"Nimekupa dawa, Tata."

"Umenifanya mla peke yake. Mimi, balozi, nimelala hapa nameza ndizi chupa nzima, na watu nilioahidi kugawana nao wananitazama."

"Ulikuwa unapona. Si umetembea mwenyewe juzi? Waitu, kula upate kuishi."

"Nitaishi na uso gani?"

Mpaka leo sina jibu la upole. Ulimwambia Mae akusanye vikombe, ukamimina chupa yote, kidogo kwa kila mmoja, ukaenda kitanda kwa kitanda umeshika ukuta. Ferdinand alikunywa cha kwake akalamba midomo. "Dawa tamu hii, Balozi," akasema. "Ningejua ningevunja na mguu wa pili." Wodi ikalipuka kwa vicheko, na wewe ulicheka kuliko wote. Mimi nilibaki nimepiga magoti sakafuni karibu na kitanda kitupu.

Tangu siku hiyo hukunywa kitu kutoka mkononi mwangu bila kukinusa kwanza. Ukataka na kugawa beseni ugawe wewe. Daktari aliagiza tena dawa, akapunguza sindano, miguu ikaanza kuvimba upya, akalazimika kuzirudisha. Nilikuwa nikihesabu mapigo na kuyasikia yakipotea njia. Kisha asubuhi moja, baada ya sala, ulisimama mezani na upawa mkononi. Magoti yakaondoka. Nilikudaka kabla hujafika chini. Vidole vyangu vilikuwa kwenye mkono wako, moyo ukikimbia, ukisimama, ukikimbia, halafu ukasimama. Daktari alikuja mbio, akakusukuma kifua mpaka jasho likamdondoka. Beseni lilikuwa mezani limejaa ndizi kutoka kwenye kibanja chako mwenyewe.

Ndipo pazia likaja. Sista Yustina alilisukuma mwenyewe, magurudumu yakilia, akalizungusha kitandani kwako kwa uangalifu mkubwa. Nililitazama lile pazia nikatamani kulirarua.

Mazishini walisema. Mtu wa chama alisema ulikuwa mfano kwa taifa. Sista Yustina alisema wodi imejifunza kwako maana ya kugawana. Katekista naye akaingiza mikate na samaki. Kila sifa ilikuwa inanipiga kofi. Nilianza kusimama, Mae akanivuta kanga. "Mwana wange," akaninong'oneza, "mwache baba yako alale." Nikakaa. Tukakuzika kati ya migomba, na watu wakala, wakashiba, wakaenda zao.

Ferdinand alinijia kabla hajarudi kisiwani, anatembelea mkongojo. Alilia mtu mzima yule. "Nesi, ulituambia ni dawa," akasema. "Tulidhani ni maneno ya mtoto anayempendelea baba yake." Sikumpa pole. Lakini yeye angalau alilia. Wengine wote walinipongeza.

Sasa nisikilize, nami nimekusikiliza maisha yangu yote. Ile haikuwa haki. Ule haukuwa hata ujamaa wako! Ni wewe uliyesema kila mtu abebe kwa mwili wake. Ni wewe uliyemweka mama mwenye kichanga kivulini na kumnyang'anya mzee jembe. Kijijini ulijua kutazama mwili wa mtu kabla ya kumpangia fungu lake. Mbona ulipofika kwenye mwili wako ukafumba macho? Usawa gani huo wa kumpa aliyevunjika mguu na aliyechoka moyo kipande kilekile? Mguu wa Ferdinand uliunga kwa plasta, haukuunga kwa ndizi zako. Angezikosa, angelala na njaa kidogo akaamka. Wewe ulizikosa hukuamka. Na uliogopa nini? Hukuogopa kufa. Uliogopa kuonekana unatafuna. Ulinifundisha kuwahurumia watu wote, ukasahau kunihesabu mimi na Mae kati ya hao watu.

Nimeyasema. Sasa nikueleze ya leo asubuhi.

Walikuwa wanazindua beseni. Wageni walikuja, wamevaa vizuri, wakasimama katikati ya wodi. Beseni lilijaa ndizi mbivu na machungwa, jina lako linang'aa. Kwenye kitanda chako, kile cha mwisho, amelala Mzee Abdallah, fundi cherehani wa mjini. Moyo wake una uchovu uleule, anachomwa sindano zilezile, na dawa ya chupa imekwisha tena bohari. Tangu jana magoti yameanza kumlegea. Nilikuwa nimetoka kumshika mkono na kuhesabu, na nilichokisikia nakijua.

Zilipokwisha hotuba, Sista Yustina akaniita mbele. "Binti wa Balozi," akasema kwa sauti ya sherehe, "tugawie."

Nikalichukua beseni. Lilikuwa zito. Nikapita kitanda cha kwanza, mikono ikanyooshwa, nikapita. Nikapita cha pili na vingine vyote, watu wakaanza kutazamana. Nikafika kitanda cha mwisho, nikaliweka kwenye kigoda mbele ya Mzee Abdallah. Kisha nikaenda pembeni, nikalichukua pazia bila kumwomba mtu, nikalisukuma, likalia magurudumu yake, nikamzungushia tukabaki ndani wawili.

Mzee aliliona pazia akashtuka. "Mwanangu, nimekufa?"

"Bado, Mzee. Kula."

Aliyatazama matunda, akatazama vivuli vya watu kwenye kitambaa. "Peke yangu?"

"Peke yako. Wenzako jiko litawapa, na kesho nitawapikia. Hii ni dawa yako."

Alisitasita. Kisha akachukua ndizi, akaimenya polepole, akaing'ata. Nje Sista Yustina alikuwa akiita jina langu, kwanza taratibu, kisha kwa ukali. Halafu nikasikia sauti ya mgonjwa mmoja wa zamani, aliyekujua, ikisema kwa masikitiko, "Balozi asingefanya hivyo."

"Asingefanya," nikamjibu kupitia kitambaa. "Ndiyo maana leo ni jina kwenye beseni."

Mzee Abdallah akaendelea kutafuna. Sista hakulifungua pazia. Nilikuwa nikiona viatu vyake vyeupe kwa chini, vimesimama, kisha vikaondoka.

Sijui kesho nitaitwa ofisini au vipi. Nikiitwa nitakwenda. Mae anakusalimu, amepalilia kibanja chote na mkungu mwingine uko njiani na lori. Nimemwambia daktari mkungu huo utakwenda kitanda kipi. Nakupenda, Tata, na hasira yangu haijaisha, na vyote viwili nitakuja navyo kaburini kwako nikija likizo. Nitakuja na ndizi mbivu pia. Nitakaa hapo kwenye migomba yako nizile zote mbele yako, nisikupe hata ganda.

Pumzika kwa amani.

Ni mimi binti yako uliyemfundisha kugawa,
Koku
Kibeta, Bukoba